Kusali na Kuswali: Imani ya Kurithi na Imani ya Kujichagulia Visiwani Lamu

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayejishaua kwa mali isiyo yake. Katika makala haya ninakusudia kuitumia kwa kitu kisichoshikika kwa mikono, nacho ni imani. Swali ninalolitafakari ni hili: je, kijana aliyezaliwa katika dini ya wazazi wake, akabatizwa kabla hajaweza kutamka hata jina lake mwenyewe, huivaa imani hiyo kama nguo yake au kama nguo ya kuazima? Na ikiwa ni ya kuazima, ni lini, na kwa njia gani, hugeuka ikawa yake?

Swali hili linaweza kuulizwa popote penye Wakristo. Hata hivyo, mahali nilipozaliwa mimi lina uzito wa pekee. Mji wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni mji wa misikiti. Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh huwavuta wageni kutoka pembe zote za pwani kila Mfungo Sita unapowadia, kwa ajili ya Maulidi. Katika mji kama huo, mtoto wa Kikristo hukua akiulizwa yeye ni nani. Haulizwi kwa chuki; huulizwa kwa udadisi wa kawaida wa watoto wenzake na wa majirani. Mtoto aliyezaliwa mahali ambapo kila mtu huenda kanisani siku ya Jumapili anaweza kufikia uzee bila ya kuulizwa hata mara moja kwa nini yeye ni Mkristo. Mimi niliulizwa kabla sijatimiza miaka minane.

Jibu nililokuwa nalo wakati huo lilikuwa la ukoo. Babu yangu alikuwa miongoni mwa familia zilizotoka bara na kuhamia Mpeketoni katika miaka ya 1970, serikali ilipofungua mpango wa makazi kandokando ya Ziwa Kenyatta. Alikuja na jembe, sufuria mbili tatu, na rozari. Baba yangu, baada ya kuoa, alivuka kutoka Mokowe hadi kisiwani akawa anauza mboga na matunda yaliyotoka katika mashamba ya Mpeketoni. Huko kisiwani ndiko nilikozaliwa. Kwa hiyo, nilirithi vitu vitatu kwa pamoja: shamba la bara, Kikuyu cha mama jikoni, na kanisa. Dini ilikuwa sehemu ya mzigo uliofungwa pamoja na masufuria. Hakuna aliyenieleza sababu yake, kama vile ambavyo hakuna aliyenieleza sababu ya sisi kula irio.

Kitu cha kwanza kilichonifumbua macho kilikuwa lugha. Rafiki yangu wa utotoni, ambaye kila alasiri alikwenda chuoni kusoma Kurani, alikuwa akiniaga kwa kusema, "Naenda kuswali." Nami nilipokwenda kanisani nilisema, "Naenda kusali." Tulidhani kuwa hayo ni maneno mawili tofauti, kila mmoja na lake. Leo, kama mwanafunzi wa Kiswahili, ninajua kuwa mzizi wao ni mmoja kutoka Kiarabu, na kwamba matumizi ndiyo yaliyowatenga watumiaji wake: Waislamu wakabaki na *swali* na *swala*, Wakristo wakabaki na *sali* na *sala*. Sauti moja tu ndiyo iliyowekwa mlangoni kutambulisha nani ni wa nyumba ipi. Hali ni hiyohiyo kwa *Isa* na *Yesu*, ambao ni majina mawili ya mtu mmoja aliyefikiwa kwa njia mbili.

Msomaji atakaponifuata katika uwanja huu wa msamiati ataona jambo la kushangaza zaidi. Imani, ibada, dhambi, toba, rehema, neema, baraka, sadaka, malaika, roho, msalaba, Injili, Zaburi: karibu kila neno ambalo Mkristo wa Afrika Mashariki hulihitaji ili azungumze na Mungu wake lina asili ya Kiarabu, na lilikuwa limekwisha kukaa vinywani mwa Waislamu wa pwani kwa karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza wa karne ya 19 kutia nanga. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, alisaidiwa na kadhi wa Kiislamu mwenye asili ya Barawa. Baadaye Askofu Edward Steere alifanya kazi yake kule Unguja, na William Taylor akafanya ya kwake kwa Kimvita huku akikusanya tungo za washairi wa pwani. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Karl Roehl alijaribu njia nyingine. Katika tafsiri yake ya Biblia iliyokamilika mwaka 1937, alijitahidi kuyapunguza maneno ya Kiarabu na kuweka mahali pake maneno ya Kibantu, kwa dhana kuwa Mwafrika Mkristo angeisikia vizuri zaidi sauti ya Mungu. Juhudi zake hazikushinda. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo ndiyo wengi wetu tuliyokulia, iliyabakiza maneno yale ya jirani.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu lina fundisho kwa mtu anayetaka kuifanya imani kuwa yake. Roehl alidhani kuwa ili kitu kiwe chako sharti kiondolewe alama zote za mwenzako. Lugha yenyewe ilikataa. Neno *toba* ni la Kiarabu, ni la Kiislamu, na ni la Kikristo. Umiliki wa mmoja haujampunguzia mwingine chochote. Kumbe basi, kuimiliki imani hakuna ulazima wa kujenga ukuta. Hata hivyo, nilipokuwa kijana sikulijua hili, na wakati ulifika ambapo ukuta ulionekana kuwa ndio njia pekee ya usalama.

Mwaka 2011, nikiwa na umri wa miaka 14, nilipokea kipaimara. Wanaisimu wataniruhusu nilisimamie kidogo neno hili, kwani ni miongoni mwa maneno mazuri ambayo Kanisa limeyaunda katika Kiswahili: *ki-pa-imara*, yaani kile kinachompa mtu uimara. Katekista wetu, mzee mpole aliyekuwa akitufundisha chini ya mwarobaini, alituambia kuwa katika ubatizo wazazi walisema kwa niaba yetu, na sasa ni zamu yetu kusema kwa vinywa vyetu. Alitupa mfano wa Kizito, kijana wa takriban miaka 14 katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyebatizwa na Karoli Lwanga muda mfupi kabla ya kuhukumiwa, kisha akachomwa moto pamoja na wenzake kule Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Tuliuona umri wake ni umri wetu, tukastaajabu. Askofu alikuja, tukapakwa krisma, tukala pilau. Nilirudi nyumbani nikiwa nimesema maneno yote niliyopaswa kuyasema. Hata hivyo, kwa hakika, maneno yenyewe yalikuwa bado ya katekista.

Katekista hakutupa mfano wa pili, nami nilikuja kuupata maktabani miaka mingi baadaye. Ni mfano wa kijana wa pwani yetu, Yusuf bin Hasan wa Mombasa. Baba yake, aliyekuwa mfalme, aliuawa mwaka 1614, na mtoto akachukuliwa na Wareno hadi Goa. Huko alilelewa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino, akabatizwa, akapewa jina la Jeronimo Chingulia. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa atawale kama mfalme Mkristo. Mwezi Agosti 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamuua mkuu wa ngome hiyo, akatangaza kuwa amerudi katika Uislamu, na Wakristo wengi wakauawa katika siku zilizofuata. Alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Kanisa linawakumbuka waliouawa kama mashahidi wa imani. Wanahistoria wengine humkumbuka yeye kama mwasi dhidi ya ukoloni. Sikusudii kuhukumu kesi hiyo hapa. Ninachokiona ni kuwa alivishwa nguo akiwa yatima, katika nchi ya kigeni, na watu walewale waliokuwa na mamlaka juu ya ufalme wa baba yake. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama inamtosha. Siku alipoivua, aliivua kwa upanga.

Kizito na Yusuf wananionyesha pande mbili za jambo moja. Imani ambayo mtu hajaiuliza maswali huweza kusimama miaka mingi ikiwa hakuna upepo. Upepo uvumapo ndipo hujulikana kama kilichosimama ni mti au ni nguzo iliyochomekwa mchangani.

Kwetu upepo ulivuma usiku wa Jumapili, tarehe 15 Juni 2014. Watu wenye silaha waliuvamia mji wa Mpeketoni, na katika mashambulizi ya usiku huo na ya siku zilizofuata katika sehemu hizo watu zaidi ya 60 waliuawa. Kundi la Al-Shabaab lilidai kuhusika. Serikali nayo ikanyoshea kidole mitandao ya kisiasa ya humo humo nchini. Walionusurika walisimulia kuwa baadhi ya wanaume waliulizwa dini yao, na jibu ndilo lililoamua kama wataiona asubuhi. Babu na bibi yangu walilala shambani, katikati ya mihindi, wakapona. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nilikaa macho usiku kucha katika nyumba yetu kisiwani, simu ikiwa mkononi, na swali moja likanizunguka kichwani: ningeulizwa mimi, ningejibu nini? Nisingekuwa na shida ya kutamka neno "Mkristo". Shida ingekuwa sababu. Je, ningekufa kwa ajili ya Kristo, au ningekufa kwa ajili ya mzigo ambao babu aliufunga pamoja na masufuria?

Katika majuma yaliyofuata, imani ya watu wengi wa upande wetu iliongezeka kwa namna iliyonitia hofu. Kanisa lilijaa. Rozari zilivaliwa juu ya shati. Vijana wa kikundi chetu walianza kusema "sisi" na "wao" kwa mkazo mpya. Amri ya kutotoka nje usiku ilipowekwa mwezi Julai, jumuiya ndogo ndogo zilizokuwa zikikutana jioni zilihamia mchana, na mikutano hiyo ilikuwa ya kuhesabiana waliohama kuliko ya kusoma Neno. Nilielewa uchungu ule, kwani ulikuwa wangu pia. Ila niliona kuwa dini ilikuwa inageuka haraka kuwa kabila. Iliweza kumwambia mtu nani wa kumwogopa, lakini haikuwa ikimwambia amwombe nani.

Hapo ndipo sala ya Baba Yetu iliponikwama kooni. Nilikuwa nimeikariri kabla ya kujua kusoma. Katika sala hiyo mna ombi ambalo ndani yake mtu humpa Mungu kipimo cha kumpimia yeye mwenyewe: anaomba asamehewe kwa kadiri ile anayowasamehe waliomkosea. Jumapili ya kwanza baada ya maafa, tulipolifikia ombi hilo, nilifunga mdomo. Waumini waliendelea, nami nikawadaka mbele kidogo. Jumapili ya pili nilifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyenigundua. Kwa muda wa miezi tisa na zaidi nilisali Baba Yetu iliyopungua sentensi moja, kwa sababu sikutaka kumdanganya Mungu mbele ya watu.

Ninaamini sasa kuwa kimya kile ndicho kilichokuwa tendo langu la kwanza la imani. Maneno yote niliyoyatamka kabla ya hapo nilipewa. Kunyamaza nilikuchagua mwenyewe. Mtu asiyeamini hana haja ya kunyamaza katika sala, kwani kwake maneno hayana uzito. Nilinyamaza kwa kuwa kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeyasikia.

Wakati huo huo kulikuwa na jirani yetu, mama wa Kiamu aliyeishi mlango wa pili kutoka kwetu. Asubuhi ya tarehe 16 Juni, kabla hatujapata hakika kuwa babu na bibi wako hai, alikuja na birika la chai na mahamri katika sahani iliyofunikwa kwa kawa. Alikaa na mama sakafuni. Hakuhubiri wala hakujitetea. Alisema, "Pole, mwanangu. Mola awahifadhi," akanyamaza naye. Alikuwa na wana wawili wa kiume, na katika miezi ile ya misako, vijana kama wao ndio waliosimamishwa njiani kila mara. Hofu yake haikuwa ndogo kuliko ya mama. Hata hivyo, alirudi siku ya pili, na ya tatu. Sikuweza kumtia katika "wao" ya vijana wenzangu hata nilipojaribu.

Tarehe 2 Aprili 2015 ilikuwa Alhamisi Kuu. Siku hiyo habari zilitufikia kuwa Chuo Kikuu cha Garissa kimeshambuliwa. Idadi ya waliouawa ilifikia 148, wengi wao wanafunzi, na kwa mara nyingine Wakristo ndio waliotengwa. Siku iliyofuata, Ijumaa Kuu, nilikwenda kanisani nikiwa na hasira ya kutosha kuendelea kunyamaza maisha yangu yote. Masimulizi ya mateso yakasomwa, nami nikamkumbuka tena yule aliyesulubiwa akiwaombea msamaha wale waliokuwa wakimwua, kabla hawajautaka. Nilikuwa nimeyasikia hayo kila mwaka. Mwaka ule niliona kuwa hapa ndipo njia inapogawanyika. Ningeweza kubaki Mkristo wa ukoo bila sentensi ile, na hakuna mtu ambaye angenilaumu. Nisingeweza kuwa mfuasi wa mtu huyu bila hiyo. Tulipofika katika Baba Yetu niliitamka yote. Sikujisikia kuwa nimesamehe. Nilichofanya ni kukubali kuombwa nisamehe, na kukubali kuwa deni hilo sasa lina jina langu. Nguo haikubadilika, ni ileile ya babu. Ila siku hiyo niliipima mwilini, nikaiona inanibana mabegani, nikaamua kuivaa.

Nilipokuja chuo kikuu nilikuta fasihi ikiniendeleza pale Ijumaa Kuu iliponiachia. Katika somo la ushairi wa kale tulisoma Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728, ambamo Herekali, mfalme wa Warumi, ndiye kiongozi wa Wakristo na ndiye adui. Mwenzangu mmoja aliniuliza kwa mzaha kama sioni vibaya kusoma utendi ambao watu wangu wanashindwa. Nilimjibu kuwa Herekali hakuwa mtu wangu. Alikuwa mfalme mwenye jeshi, na mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza kutofautisha jeshi na imani.

Kisha tukaisoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Mtunzi huyu wa Pate anauketisha moyo wake mwenyewe mbele yake na kuuhoji. Anauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na karamu, ambayo sasa ni makao ya popo, kisha anauuliza unangoja nini. Nimeyaona magofu ya Pate. Ni mwendo wa mashua kutoka kwetu. Kilichonigusa zaidi ya magofu ni ujasiri wa Mwislamu aliyezaliwa katika ukoo wa masharifu, ambaye kama kuna mtu aliyerithi dini kwa ukamilifu ni yeye, na bado hakuona kuwa urithi unatosha. Aliona kuwa hana budi kuuliza moyo wake swali ambalo nasaba haiwezi kumjibia. Niliyatambua maswali yake. Ni yale niliyokuwa nikijiuliza kwa miezi tisa katika benchi la kanisa.

Aidha, sitaki msomaji adhani kuwa somo hili ni la vitabu pekee. Mwezi Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa, na abiria Waislamu wakatakiwa wajitenge na Wakristo. Walikataa. Mwalimu Salah Farah alikuwa mmoja wao. Alipigwa risasi na akafariki kwa majeraha hayo mwezi Januari 2016. Yeye aliulizwa lile swali nililoliogopa mimi usiku wa Mpeketoni, na kwake jibu jepesi ndilo lingemwokoa. Nadhani hakuna aliyemwandalia jibu lile. Lilikuwa lake.

Nikirejea swali nililoanza nalo, ninaona kuwa kurithi si kosa. Hakuna ajifumaye nguo yake ya kwanza. Lugha tuipendayo tulirithi, na hakuna asemaye kuwa Kiswahili si chake kwa kuwa alifundishwa na mamake au na mwalimu. Lakini kama vile mtu hawezi kusema kuwa anaijua lugha mpaka aseme kwayo jambo ambalo hakukaririshwa, ndivyo ilivyo kwa imani. Kijana anayeogopa maswali kwa kudhani kuwa ni usaliti kwa wazazi wake, namsihi asiogope. Baba yangu, nilipomweleza hatimaye habari za ile sentensi, alinyamaza kitambo kisha akaniambia kuwa yeye naye kuna mahali amekuwa akiruka. Hakuniambia ni wapi, nami sikumwuliza.

Bado ninakwenda kusali, na rafiki yangu wa utotoni bado anakwenda kuswali. Tukikutana likizoni, kila mmoja humkumbusha mwenzake kuwa saa imefika.